Njia ya Wapagazi na Gia za Gari Kuukuu

Ndugu msomaji, ikiwa hujapata kufika Tabora, fanya bidii siku moja ufike. Utaona mji wa miembe mikubwa, yenye kivuli cha kuwatosha watu mia. Kisha nenda Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji, ukaone tembe alimokaa Dakta Livingstone mwaka 1872. Ni nyumba ya udongo, yenye kuta nene na milango ya mbao iliyochongwa kwa desturi ya watu wa pwani. Leo ni nyumba ya makumbusho. Livingstone alifika hapo mwezi wa Februari pamoja na Stanley, wakitoka Ujiji. Stanley akaendelea pwani, naye mzee akabaki Kwihara hata tarehe 25 Agosti. Alikuwa akingoja nini muda wote huo? Alikuwa akingoja wapagazi. Bila wapagazi hakuna mzigo uliosogea, na bila mzigo hakuna safari.

Huenda sasa wauliza: "Karani, ulituahidi habari za gia za gari, mbona watuletea habari za tembe?" Vumilia kidogo. Njia hii ya zamani na gari kuukuu la parokia yetu vimenifundisha jambo moja, nami nataka nikueleze, maana laweza kukuokolea fedha nyingi wewe na wenzako wa kijijini.

Tabora ilikuwa mahali pa kugawanya mizigo

Burton na Speke walifika hapa tarehe 7 Novemba 1857, wakati ule mahali penyewe pakiitwa Kazeh. Ilikuwa siku ya 134 tangu walipoondoka pwani. Siku 134! Siku hizi mtu hulala usingizi ndani ya basi, akaamka amefika.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani yapata kilo 32, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Msafara uliondoka alfajiri, na kabla jua halijawa kali watu walitua mizigo wakapiga kambi. Hawakufanya hivyo kwa uvivu. Walijua ya kuwa mtu akitembezwa na mzigo wakati wa jua kali, leo atafika, lakini kesho hataamka.

Walipofika Tabora, wengi wa wapagazi waliotoka pwani walimaliza mkataba wao. Mizigo ilifunguliwa, ikagawanywa upya, wakatafutwa watu wengine. Njia moja ilikwenda magharibi hata Ujiji, nyingine kaskazini hata Karagwe na Buganda, nyingine kusini hata Katanga. Basi Tabora ilikuwa mahali ambapo nguvu za watu zililinganishwa na uzito wa mzigo na ugumu wa njia.

Nayo gia boksi ya gari kazi yake ni hiyo hiyo. Injini ina nguvu. Magurudumu yana mzigo. Katikati yake sharti pawepo mgawanyaji. Kwenye mchanga na kilima, gia boksi huzungusha magurudumu polepole kwa nguvu nyingi. Kwenye barabara nzuri huyazungusha upesi kwa nguvu kidogo. Katika gari la kawaida, dereva ndiye anayegawanya, kwa mkono wake na kwa klachi. Katika gari la otomatiki, gari lenyewe lagawanya.

Magari haya yalivyotufikia

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Hapo kazi ya wapagazi ikaanza kwisha. Magari yakafuata. Gia za otomatiki zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, nazo zikaenea duniani kote. Huko Japani magari mengi hutengenezwa hivyo, na kwa kuwa magari mengi yaliyotumika huletwa kwetu kutoka Japani kwa bandari ya Dar es Salaam, leo otomatiki imefika hata vijijini, mpaka kwenye magari makubwa ya porini.

La kwetu ni Toyota Land Cruiser ya mwaka 1994. Parokia yetu iko upande wa magharibi wa mkoa, na vigango vyake vimetawanyika katika misitu ya miyombo. Gari hili hubeba makatekista, mbegu, mabati, na maiti wa kurudishwa kwao. Usiku wa manane mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, na bodaboda haifai, watu huja kugonga mlango wa nyumba ya mapadre. Kwa hiyo gari likifa, si Padre peke yake anayeumia.

Siku lilipokataa

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwisho wa kiangazi, wakati mchanga wa njia zetu umekuwa laini kama unga. Tulikuwa tukirudi kutoka kigango cha mbali, mzigo ukiwa mwingi. Ghafula injini ikanguruma kwa sauti kubwa, lakini gari likasogea polepole, kisha likasimama. Ukiweka D, lanung'unika tu. Ukiweka R, larudi nyuma hatua mbili, basi.

Vijana wa pale walikuja na kamba, na wengine wakataka kulisukuma ili liwake vizuri. Sikia hapa, msomaji: gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Pampu ya oili ya gia boksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimika, hakuna oili inayosukumwa, wala gia haishiki, hata mkisukuma mpaka Kaliua. Tena usilikokote umbali mrefu magurudumu yake yakiwa chini, maana vyuma vya ndani vitazunguka vikavu. La heri ni kulipandisha juu ya lori, nasi ndivyo tulivyofanya.

Mjini tulilipeleka kwa fundi mmoja. Aliliendesha kidogo uani, akashuka, akapangusa mikono. "Gia boksi imekufa," akasema. "Leteni fedha ninunue nyingine." Fedha aliyotaja ilizidi akiba yote tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya kuezeka darasa la watoto wadogo.

Halmashauri ya parokia ikakutana. Wengine walisema tulipe, masika yaja. Wengine walisema tuliuze gari kama chuma chakavu. Ndipo akasimama mzee mmoja ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa njia hii. Akasema: "Baba Paroko, nanyi wenzangu, hapo kale mpagazi akianguka njiani watu hawakuchimba kaburi kabla ya kumpa maji. Nauliza: huyu wetu, nani amempa maji?"

Watu walicheka. Lakini swali lilikuwa la haki. Yule fundi hakuwa amefungua boneti.

Oili ndiyo maji ya mpagazi huyu

Tukatafuta mtu mwingine, fundi mzee aliyestaafu kazi ya karakana ya reli. Kabla hajagusa kitu alinieleza jinsi gia boksi hiyo inavyofanya kazi, nami nakupa maelezo yake.

Chukua feni mbili, uzielekeze moja kwa nyingine. Moja uiwashe kwa umeme, nyingine uiache. Utaona upepo wa ile ya kwanza waizungusha ya pili. Ndani ya gari la otomatiki, kati ya injini na gia, kuna chombo cha duara kinachoitwa konveta, nacho chafanya vivyo hivyo. Ila badala ya upepo mna oili. Ndiyo sababu gari laweza kusimama mguu ukiwa kwenye breki na injini isizimike. Nyuma ya konveta kuna gia na klachi nyingi ndogo, nazo klachi hizo hubanwa na nguvu ya oili hiyo hiyo. Basi oili hupeleka nguvu, hubana klachi, hulainisha vyuma, na hutoa joto. Ikipungua au ikiharibika, kazi zote nne zaharibika pamoja.

Kisha akaanza kupima kwa utaratibu. Ujifunze utaratibu huu, uusimamie hata kama fundi ana haraka. Ikiwa gari lako bado latembea, kwanza liendeshe mpaka lipate moto. Lisimamishe mahali pa tambarare, ukaze breki ya mkono, na mguu uwe kwenye breki. Injini ikiunguruma polepole, pitisha mkono wa gia polepole kutoka P mpaka mwisho, kisha urudishe P. Usizime injini. Chomoa stiki ya kupimia, ipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ichomeke tena, uichomoe, usome. Kwenye Toyota ya namna yetu kuna alama mbili, ya baridi na ya moto. Soma ya moto. Ikiwa gari lako halina stiki hiyo, kazi hii sharti ifanywe na fundi kutoka chini.

Stiki hukuambia kiasi, na oili iliyo juu yake hukuambia hali. Oili mpya, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa kahawia na yanuka kama kitu kilichoungua, joto limezidi. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani. Usiliwashe tena hata kidogo. Ikiwa ina vipande vya chuma vinavyometameta, ugonjwa ni mkubwa.

La kwetu halikuweza kutembea, kwa hiyo alipima likiwa bado baridi, akisoma alama ya baridi. Stiki ilitoka karibu kavu. Akalala chini ya gari na tochi. Mpira mmoja wa kupeleka oili kwenye rejeta ili ipoe ulikuwa umepasuka, nao ulikuwa ukivuja tone kwa tone kwa muda mrefu. Vumbi lilikuwa limeganda pale kama ugali.

Akafungua sampu ya chini. Ndani yake mna sumaku za kukamata unga wa chuma. Alinionyesha unga laini wa kijivu juu yake. "Huu ni uzee," alisema, "kama mvi. Lakini kama ungeona vipande vya chuma au ngozi za klachi, hayo ni maradhi." Vipande vikubwa havikuwamo. Oili iliyobaki ilikuwa kahawia, yanuka kidogo. Akabadilisha mpira, filta na gasketi, akatia oili ya namna iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Akasema pia kwamba ukifungua sampu hutoki nusu ya oili yote, maana nyingine hubaki ndani ya konveta. Kwa hiyo tuendeshe kidogo, timwage tena, tutie nyingine. Na tusizidishe, kwa sababu ikizidi hufanya povu, na povu halibani klachi.

Gari likatembea. Gharama yote ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile iliyotajwa kwanza. Lakini fundi huyu alikuwa mkweli. Alimwambia Padre: "Limekimbia kavu, Baba. Sijui klachi zimeumia kiasi gani. Laweza kuwatumikia masika moja, laweza mbili. Anzeni kuweka akiba tangu leo."

Kuelekea magharibi

Padre alikuwa na safari ya Kigoma, nami nikachukuliwa kama karani. Fundi alisema njia hiyo itakuwa mizani ya kulipimia gari. Basi, msomaji, panda twende.

Kutoka Tabora tulielekea Urambo. Sehemu kubwa ya njia kuu siku hizi ni lami, lakini ukiacha lami hatua mia tu, mchanga ni ule ule uliowachosha wapagazi. Tulipoingia njia ya kigango kimoja, Padre alisimama kwanza, akaweka mkono mdogo wa foo-wili upande wa L. Watu wengi hudhani L ni ya kutokea tu ukisha kukwama. Sivyo. Katika mchanga mzito, ukitumia gia ya kawaida, konveta yazungusha oili bila gari kwenda mbele, na nguvu yote yageuka joto. Ukiweka L, gari latembea polepole lakini konveta haiteseki. Tena usifanye kama madereva wengi wanaorusha mkono D, R, D, R huku wamekanyaga mafuta. Chimba mchanga kwa jembe, weka matawi. Jembe ni rahisi kuliko klachi.

Urambo ndipo palipokuwa makao ya Mtemi Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Alikufa mwaka 1884. Wazee wa Kinyamwezi bado wamtaja kwa heshima. Lakini hapo pana habari nyingine ya kufikiri. Baada ya vita vya pili vya dunia, Serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Mwaka 1947 kazi ikaanza, matrekta mengi yakaletwa, kabla watu hawajapima vya kutosha mvua na udongo. Mashine ziliharibika, karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, fedha nyingi mno zikiwa zimepotea. Nilipokumbuka habari hiyo pale Urambo, nilifikiri: kulipa kabla ya kupima si ugonjwa wa vijijini tu. Hata wakubwa wa dunia wameugua.

Kutoka Kaliua msitu wazidi. Hapa ni nchi ya asali na tumbaku. Jua lilikuwa kali, na baada ya kupita sehemu mbovu ndefu, taa ya joto la oili ya gia boksi ikawaka. Padre hakuzima injini. Alisimama kivulini, akaweka P, akaacha injini iungurume. Kwa nini? Kwa sababu injini ikiunguruma, pampu huendelea kupeleka oili kwenye rejeta, ikapoe. Ukizima, oili yenye moto hubaki pale pale ndani. Tulikaa muda wa kula mihogo na kuzungumza, taa ikazimika, tukaendelea. Wapagazi nao wangetua mizigo saa ile ile.

Tukafika Malagarasi. Misafara ya zamani ilivuka mto huu kwa mitumbwi, na watawala wa pale walidai hongo kabla ya kuvusha mtu. Leo wapita juu ya Daraja la Kikwete kwa dakika chache, wala mtu hakuulizi shanga wala nguo. Mbele yake ni Uvinza, nchi ya chumvi. Chemchemi zake zilijulikana na watu wa hapa karne nyingi kabla ya misafara ya pwani, na chumvi yake ilisafiri mbali.

Hata jioni ya siku ya pili tulikuwa Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Miembe ipo, na jiwe la ukumbusho lipo. Ziwa limesogea mbali kidogo na mahali pale. Padre alichomoa stiki kabla ya kunawa uso. Oili ilikuwa mahali pake, bado nyekundu.

Siku ya kubadilisha ilipofika

Gari lilitumika masika yote. Kina mama wanne walipelekwa hospitali usiku katika miezi ile, na wote walirudi na watoto wao. Mmoja wao alipelekwa siku ambayo mbuga yote ilikuwa tope jeusi, na hakuna chombo kingine ambacho kingepita. Haya nayaandika ili ujue faida ya ule mpira mmoja na makopo machache ya oili.

Lakini mwezi wa Juni gia ya tatu ikaanza kuteleza. Oili ilikuwa ya kutosha, bali nyeusi. Sampu ilipofunguliwa, safari hii mlikuwa na vipande vya ngozi za klachi. Fundi wetu akatikisa kichwa. "Sasa ndiyo," akasema. Tofauti ni kwamba wakati huu tulikuwa na akiba, mavuno yalikuwa ndani, mvua zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyetuharakisha. Darasa la watoto lilikuwa limekwisha kuezekwa.

Ikiwa nawe umefika hapo, angalia mambo haya.

Kwanza, namba. Gia boksi mbili zaweza kufanana kwa macho na zisiingiliane. Andika namba iliyo kwenye kibati cha gari, aina ya injini, na aina ya foo-wili. Mwuzaji wa spea sharti akuonyeshe namba ile ile.

Pili, ukinunua iliyotumika, omba sampu ifunguliwe mbele yako kabla hujalipa. Unga wa kijivu kidogo, nunua. Vipande vya chuma, rudi nyumbani na fedha yako. Tena andikiana na mwuzaji muda wa kurudisha ikiwa haifanyi kazi.

Tatu, fundi asafishe rejeta na mabomba yote ya oili, au abadilishe. Uchafu wa gia boksi iliyokufa hubaki humo, nao huiua mpya. Wengi wamenunua gia boksi mara mbili kwa sababu hii tu.

Nne, konveta iingie mpaka mwisho ndani ya pampu kabla ya kukaza bolti. Ikiwa haikukaa sawasawa na fundi akakaza kwa nguvu, pampu yavunjika siku hiyo hiyo. Fundi mzuri huizungusha kwa mkono na kusikiliza inavyoingia.

Tano, uzito. Gia boksi ya gari kubwa pamoja na foo-wili yake ni mzigo wa wapagazi watatu au zaidi. Itumike jeki ya kufaa na magogo ya kuzuia gari. Mtu yeyote asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Usiruhusu watoto wakaribie kutazama.

Sita, gari lisiende popote kabla oili haijatiwa na kupimwa. Baada ya safari fupi ya kwanza ipimwe tena, na chini ya gari patazamwe kama pavuja.

Kazi hiyo ilituchukua siku nne, chini ya mwembe, na vijana wawili wa kijiji walimsaidia fundi. Mmoja wao sasa anajifunza ufundi kwake.

Daftari ndani ya gari

Siku hizi katika gari letu mna daftari lililofungwa kwa uzi. Kila Jumamosi mtu aliyepewa zamu huandika tarehe, kilomita, kiasi cha oili, rangi yake, na kama kuna tone lililoanguka chini mahali gari lilipolala. Yeye si fundi, ni mwalimu wa chekechea. Kazi hiyo haizidi robo saa.

Labda kijiji chako hakina gari la otomatiki. Lakini huenda mna mashine ya kusaga, pampu ya kisima, au trekta la ushirika, mlilolinunua kwa michango yenu. Siku litakapokataa, atakuja mtu na kusema limekufa, leteni fedha. Msimtukane, wala msimlipe papo hapo. Mwombeni kwanza awaonyeshe alichopima na alichokiona. Fundi mkweli hufurahi kuulizwa hivyo. Na kabla ya siku hiyo kufika, tazameni tone chini ya mashine yenu, maana wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa herini, nanyi mkipita Tabora, msikose kufika Kwihara.